Uzi wa Tambi Ukutani

Mwenzangu,

Mimi ni mzima, cherehani tu ndiyo inayokohoa. Dada yako alipita kuchukua gauni lake, akaniambia umeongeza mkataba wa kazi huko. Nikajifanya najua.

Tambi sasa naziweza. Mwanzo nilizisuuza kwa maji ya bomba, mchuzi wa nyanya ukateleza wote ukabaki chini kwenye sahani. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza: zikishaiva zisisuuzwe, na kikombe kimoja cha maji yake ya chumvi kisimwagwe, ndicho cha kulainishia mchuzi. Sasa mchuzi unazishika vizuri. Ila bado nachemsha za watu wawili, mkono umezoea.

Mwezi uliopita mwenye nyumba alileta fundi rangi. Jikoni akauona ule uzi wa tambi ulioutupa ukutani kupima kama zimeiva, siku ile kabla hujasafiri. Umekaukia pale pale. Akatoa kisu cha kukwangulia.

"Huo uache," nikamwambia.

"Sasa mzee, nitapakaje?"

"Uzungukie. Aliyeutupa akirudi ataubandua mwenyewe."

Akauzungukia. Nikampakulia sahani yako, akala akamaliza, kisha akaniachia rangi kidogo kwenye kopo, ya kumalizia hapo utakaporudi.

Nililifunika vizuri nikaliweka chini ya meza. Leo nimelifungua kuangalia. Rangi imeanza kuganda.

Mumeo,
niko hapa hapa.