Shikamoo ya Mshenga

Jumatatu, 5 Juni 1995
Nimeanika mpunga nje ya mashine ya kukoboa tangu asubuhi. Magunia kutoka Dakawa yamekuja mabichi. Kugeuza, kufukuza kuku, kugeuza tena. Kiwandani tulikuwa tunalalamikia vumbi la pamba. Angalau tulikuwa na paa. Kiwanda kimeuzwa, sisi tumetawanyika, kila mtu na jua lake. Jioni nimepaka mkorogo. Shingo inawasha.

Alhamisi, 8 Juni
Saidi atatuma mshenga. Kaka ndiye kaniletea habari. Saidi alikuwa fundi mitambo pale kiwandani, kisha akarudi kwao Mkuyuni. Miaka mitatu hajaniona. Anamkumbuka Zuhura yule wa zamani. Nina miaka thelathini na sita, nimeachika, nilishajiambia basi. Kumbe sikuwa nimemaliza. Namtaka. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo sitasema.

Nimekwenda sokoni kwa Mama Pili, nikamwambia auongeze makali mkorogo wangu. Zamani tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Sasa meza yake imejaa makopo ya kila nchi. Anachanganya krimu tatu, dawa ya nywele, sabuni ya unga kidogo. Haya ndiyo maendeleo.

Jumanne, 13 Juni
Uso unawaka. Mashavu mekundu, chini ya macho kweusi, vifundo vya vidole vimekataa kabisa kuwa vyeupe. Nikicheka, ngozi inakunjamana kama utando wa maziwa. Nimeacha kucheka.

Jumatatu, 19 Juni
Nimekwenda zahanati. Daktari, mama mmoja mpole, amenishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga. Anasema mkorogo unaichuna ngozi ya juu, halafu mimi naipeleka hiyo iliyobaki juani kutwa nzima. Jua peke yake linazeesha. Sigara nayo, na kukosa usingizi. Ila mimi nimejichoma kwa moto wa pande mbili. Niache mkorogo leo hii. Mafuta ya kawaida tu, kofia pana, mikono mirefu, na mchana nikae kivulini.

Nikamuuliza uso wangu utarudi lini. Akakiachia kidevu changu.

"Tutauzuia usiharibike zaidi," akasema.

Nimelia barabarani, watu wananiona. Kivulini! Mpunga nao nani atauanika?

Jumapili, 25 Juni
Nimemwaga kopo chooni. Bila mkorogo uso umekuwa na mabaka, meusi kwa mekundu. Nilidhani nikiacha nitapata nafuu. Nimezidi kuwa mbaya.

Jumamosi, 1 Julai
Mshenga amekuja.

Shangazi, ninayeishi naye, alikuwa amekwenda msibani Mlali. Nilifungua mlango mwenyewe. Mwanamume wa makamo, kanzu safi, mvi kidevuni. Ananizidi miaka kumi, au zaidi. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Marahaba ikanitoka kabla sijafikiri. Akasema katumwa kutoka Mkuyuni kwa ajili ya binti yangu Zuhura, je, amemkuta?

"Hayupo," nikamjibu. "Amesafiri."

Akaacha salamu kwa adabu zote. Atarudi. Nimesimama pale mlangoni mpaka miguu ikachoka. Neno moja tu lilihitajika. Mimi ndiye. Nilishindwa kulisema.

Jumatatu, 3 Julai
Najichukia. Shangazi kaniuliza ninaumwa nini. Nimemwambia yote. Anasema mshenga akija tena atamweleza ukweli, mtu haolewi uso. Mdomoni maneno hayo ni matamu. Saidi anaoa anachokikumbuka, na hicho hakipo.

Jumanne, 11 Julai
Mashineni wenzangu wanaicheka kofia yangu. Mwache acheke anayecheka. Mgongo unauma, usingizi hauji.

Ijumaa, 21 Julai
Mshenga amerudi baada ya swala ya adhuhuri. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia. Nimeisikia sauti yake ikiuliza kama Zuhura ameshafika.

Shangazi akaja chumbani. Akanitazama tu, anangoja. Nikatikisa kichwa. Akaendelea kusimama. Nikatikisa tena.

Akatoka. Nikamsikia akimwambia mgeni, taratibu, kwamba Zuhura ameolewa huko huko alikosafiri. Wakaulizana habari za mvua Mkuyuni. Mgeni akaniombea heri katika ndoa yangu, akaaga.

Shangazi amerudi na chai. Tumekunywa wote wawili kitandani. Sukari imezidi, sikumwambia.