Makarai ya Hardeep

Peres, uko? Nimetoka kwa yule Hardeep wa Lavington sasa hivi. Nimekasirika kweli.

Nafula wangu hajaenda chuo wiki tatu! Wiki tatu! Anashinda huko akifundishwa kupiga chombo cha muziki. Nikaenda kumtoa.

Chombo chenyewe ni makarai mawili ya chuma yaliyofunikana. Nikacheka. Nikakigonga kwa kidole, vile sisi hugonga sufuria sokoni kabla ya kununua.

"Mama, toa pete, utakikwaruza!" Hardeep akanipigia kelele. Mimi! Mbele ya mtoto wangu! "Nilimwandikia fundi Uswisi, nikangoja miaka miwili kukipata!"

Nikamwambia, "Na mimi nilingoja miezi tisa. Nafula, chukua mkoba."

Hardeep akachukua kitambaa. Alipapangusa nilipogonga kama anayempangusa mtoto machozi, kisha akapiga. Peres, kikaimba. Kikaimba hadi nikasahau nimesimama mlangoni tayari kuondoka, viatu mkononi.

Nafula amenuna hapa kwa gari. Jumatatu anarudi darasani, apende asipende.

Lakini sasa najua kwa nini alikuwa haendi, na hiyo ndiyo inaniudhi zaidi.