Ile Sauti Iliyo Kwenye Simu Yako

Nyumbani kwa mama,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa dada,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania dirisha wakipanda gari? Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima. Huku tunasukuma siku. Mama anakula vizuri, magoti ndiyo yanamsumbua kukiwa na baridi, na macho hayajarudi: presha ya macho imemwachia mwanga wa dirisha tu. Mimi mwili mzima.

Barua yako nimeipata. Unauliza kama nimekununia, maana mwaka umepita sipokei simu. Sijakununia. Mara ya mwisho ulipopiga nilisema haloo mara tatu, ukasema, "Mtandao mbovu huu," ukakata. Haukuwa mtandao, dada. Tangu hapo natuma ujumbe tu.

Koo liko vilevile, huu mwaka wa tatu. Daktari alipitisha kamera puani akatazama: hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Misuli ya sauti inajikaza yenyewe nikitaka kusema, neno linakatika katikati. Wananichoma sindano shingoni, napata nafuu miezi miwili, kisha yale yale. Kila asubuhi napuliza maji kwenye glasi kwa mrija, kama mtoto aliyenyimwa soda. Mtaalamu wa mazoezi ananiambia nisikate tamaa, nami namwitikia kwa kichwa.

Kazini walinihamisha. Unakumbuka nilivyokuwa nikisimama mlangoni pa hospitali kuita majina ya wagonjwa, hadi aliyeko kwenye maegesho anasikia? Sasa niko masjala, napanga mafaili. Wenzangu bado wananiita Spika. Zamani ulikuwa utani, siku hizi ni jina tu, naitika kwa kuinua mkono. Wanadhani nina huzuni. Ingekuwa huzuni ningeijua. Nafika, napanga, naondoka. Ndani kumekufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu.

Sasa la mama, na hili ulisome taratibu. Tangu nihamie kwake Oktoba nilikuwa simsemeshi, sikutaka aisikie sauti hii. Nikimpa chai namgusa bega, nikiondoka namgusa bega. Siku moja kikombe kilikuwa cha moto mno, ikabidi nimwonye. Akanijibu, "Asante fundi. Lile bomba la jikoni bado linavuja."

Alinidhania fundi bomba, yule mwenye sauti ya kukwaruza anayekuja kila wiki na hamalizi kazi. Sikubisha. Nilichukua spana nikalikaza lile bomba.

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Nikinyamaza mimi ni mwanawe, nikisema mimi ni fundi. Wiki tatu nzima! Kitasa, mguu wa meza, koki ya bafuni, vyote nimetengeneza. Siku moja niko chini ya sinki akaniuliza, "Fundi, una mama wewe? Huyu wangu hanisemeshi. Ananigusa bega akapita. Sijui nimemkosea nini."

Nikatoka chini ya sinki. Nikamwambia, "Mama, ni mimi."

Akanipapasa uso, akashuka hadi kooni, akauacha mkono pale. "Sema tena." Nikasema. "Tena." Nilisema mpaka pumzi ikaniishia. Alilia yeye. Mimi niliangalia grisi mikononi mwangu nikawaza kwamba nitamchafulia nguo. Nakuambia hivi ujue nilipofikia.

Lakini sasa anaijua sauti hii. Juzi nilikohoa tu mlangoni, akamwambia jirani, "Huyo wangu amerudi." Nilisimama pale kidogo kabla ya kuvua viatu.

Kwa hiyo wazo lako la kumpigia siku yake ya kuzaliwa, umsikilizishe ile sauti yangu ya zamani iliyo kwenye simu yako, nilipokupongeza huku nikicheka ulipojifungua: usilifanye, nakuomba. Uliponitumia niliisikiliza. Ni sauti nzuri kweli, nikamsikiliza mwenye sauti hiyo kama mtu niliyewahi kufanya naye kazi. Mama akiisikia ataanza kumngoja yule, na mimi nitarudi kuwa fundi. Wewe ihifadhi ukipenda. Mama mwachie huyu aliyepo.

Msalimie sana shemeji, mapacha, na mama mkwe wako. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi, huko si kwenu. Mungu awafunike nyote na awape usingizi mzuri.

Barua hii ikikufikia nitumie ujumbe; Jumapili itakayofuata, saa kumi jioni, nitapiga mimi. Utasikia mikwaruzo, halafu kimya, halafu mikwaruzo tena. Usikate, dada. Si mtandao.

Mdogo wako akupendaye vilevile,
Spika