Mzee Amekubali Kuniuzia Nyumba, Nami Naona Haya Kurudi Kwake

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla mwezi huu haujaisha, maana mwisho wa mwezi Mzee Dalmas anapanda gari la moshi kurudi kwao Nyanza, na mimi sijui kama nyumba aliyoniambia ni yangu bado ni yangu, na kumwuliza siwezi.

Jina langu ni Cheptanui, nina miaka thelathini na minne, nafua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja hapa Nakuru, mwaka wa kumi na moja sasa. Nilizaliwa katika shamba la mzungu huko Kabazi, baba yangu alikuwa akikamua ng'ombe, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya shamba, bwana akikasirika asubuhi, jioni mko barabarani na sufuria zenu, tulihamishwa hivyo mara tatu kabla sijajua kuhesabu, na hata leo nalala kwenye vyumba vya watumishi nyuma ya hoteli, wanawake sita chumba kimoja, watoto hawaruhusiwi, na kwa sababu hiyo binti yangu Cheptoo, mwenye miaka tisa, analelewa Elburgon kwa dada yangu, nikienda kumwona ananiamkia kwa adabu kama mgeni wa kanisani, kisha anakimbilia kwa dada yangu. Simlaumu mtoto, lakini inaniuma sana.

Sasa sikia lililotokea. Mzee Dalmas ni mtu wa reli, alikuwa akichochea moto kwenye injini miaka mingi, naye alijenga nyumba Bondeni kwenye ploti ya manispaa, vyumba vitatu, na sasa amestaafu anataka kuiuza. Rafiki yangu Wamuyu, ambaye tunafua naye, amepanga chumba cha nyuma cha nyumba hiyo, ndiye aliyenipeleka. Mshauri, mimi nimesafisha vyumba vya mabwana wakubwa, nimeona vioo virefu kuliko mtu, lakini sijawahi kuona kitu kama ile nyumba, maana nyumba nyingine zote nilizoingia niliingia nikijua nitatoka. Mzee alinipa ufunguo nijaribu kufuli, nikazungusha, mlango ukafunguka, tena bila kelele. Ina madirisha mawili ya vioo. Niliweka mkono ukutani, ukuta ulikuwa umepata jua la mchana, ukawa vuguvugu, nikashindwa kuondoa mkono mpaka Wamuyu akanivuta nguo.

Nilitaja bei yangu nikiangalia miguu yangu, kwa sababu ndiyo yote niliyo nayo katika kitabu cha akiba cha Posta. Mzee akasema, "Mama, mimi nimekubali. Wewe ndiye utachukua hii nyumba." Tukanywa chai, tukaagana. Hatukuandika kitu, wala sikutoa hata senti.

Hii ni wiki ya tano sasa na sijarudi. Baba alitufundisha kwamba mtu mzima akishasema ndiyo, kurudi kumwuliza ni kumwambia kwamba neno lake haliaminiki, unakaa kimya, unangoja akuite, hiyo ndiyo heshima. Basi nimengoja. Lakini kila Jumamosi nikitoka kazini nachukua debe nakwenda Bondeni kwenye mfereji wa maji, ingawa sina haja ya maji, nasimama kwenye foleni naitazama ile nyumba kwa mbali, zamu yangu ikikaribia narudi nyuma ya foleni nitazame tena. Nimeshona hata pazia moja. Usiku huwa najiuliza ni kweli kwamba mtu anaweza kufa ndani ya nyumba yake mwenyewe bila kuambiwa ahame, nikiwaza hivyo nashikwa na woga, si woga mbaya, ni kama ule wa kanisani watu wote wakinyamaza pamoja.

Jumamosi iliyopita nilimwona Micah, mwenye bucha, anapima baraza ya ile nyumba kwa kamba. Wamuyu alinifuata pale mfereji akanigombeza mbele ya watu: "Huyu Micah anakuja kila jioni na nyama iliyofungwa kwa gazeti! Na jana mzee ameniuliza, 'Yule mama wa mashuka alienda wapi? Labda aliona bei aliyoitaja ni kubwa, akaogopa.' Nikamwambia sijui. Ningesema nini? Kwamba uko hapa na debe?"

Mshauri, kutoka mfereji mpaka mlango wa mzee ni hatua arobaini na miguu ilikataa. Binamu yangu anasema nitoe pesa zote Posta nimwekee mzee mkononi haraka kabla ya Micah. Wengine wananiambia mwanamke asiye na mume akiwa na nyumba watu watamsema. Na mimi mwenyewe nafikiri labda jambo hili ni kubwa kuliko mtu kama mimi, na Mungu ananionyesha hivyo kwa njia ya Micah. Nifanye nini?

Mimi, Cheptanui, Nakuru

JIBU

Mama Cheptoo, jibu hili nimekutumia kwa posta leo hii, kabla ya kulichapa, kwa sababu gazeti litakufikia baada ya siku nyingi na Micah hasomi gazeti, anafungia nyama tu.

Nikuambie kwanza jinsi barua yako ilivyonigusa. Kila wiki nasoma habari za waume walevi na mama wakwe wakali, nimezoea, naandika majibu huku nachambua maharagwe. Yako niliisoma mara moja nikaiacha mezani, nikatoka nje, nikageuka nikautazama mlango wangu mwenyewe, ambao nimepita miaka kumi na miwili bila kuuona. Ni kitu cha ajabu mno, mtu kuwa na mlango. Asante kwa kunikumbusha. Sasa keti vizuri, nikukaripie.

Wiki tano! Mzee wa watu amekupa neno lake, amekupa ufunguo ujaribu, amekunywesha chai, halafu umepotea kama aliyeweka nadhiri asirudi. Wewe unaita hiyo heshima. Mzee Dalmas si Mkipsigis kama wewe, na hakuna aliyemwambia kwamba kwenu kimya ni heshima. Yeye ameona mnunuzi aliyetoroka. Tena amekuulizia, umesikia? Mtu anayeuliza uko wapi hajakutupa. Anakungoja wewe kama wewe unavyomngoja yeye, na katikati yenu amepata nafasi mwenye bucha.

Micah usimchukie, hajaiba chochote. Neno la mdomo ni zuri, lakini leo hii hakuna ofisi itakayomlazimisha mzee alitimize. Akimwuzia Micah kesho utalia tu. Nyumba haitakuwa yako mpaka iandikwe kwa jina lako, na mpaka hapo kazi yako ni kuonekana. Kila siku Micah anaonekana. Wewe unaonekana na nani, foleni ya maji?

Kwa hiyo siku utakayoipata barua hii, ukitoka kazini, acha debe nyumbani. Mchukue Wamuyu na mtu mwingine mzima anayejua kusoma, labda mwalimu wa kanisa lenu, na mzivuke hizo hatua arobaini. Ukifika, usizunguke. Mwambie: "Mzee, nilikaa mbali kwa sababu kwetu ndivyo tunavyomheshimu mtu aliyetoa neno lake. Bado naitaka nyumba kwa bei tuliyopatana. Nimekuja tuandike." Hapo hujamwita mwongo. Umemsaidia, maana sasa ana kitu cha kumwambia Micah, na mwache amwambie yeye mwenyewe. Wewe na mwenye bucha hamna la kuzungumza ila nyama.

Karatasi iseme majina yenu, namba ya ploti, bei, na vitu vinavyobaki na nyumba, milango na vioo na mabati na kufuli, kwa sababu nimejua watu walionunua nyumba wakakuta madirisha yameng'olewa. Iseme pia siku ambayo mtakwenda pamoja ofisi ya manispaa kubadilisha jina, na kwamba mpaka siku hiyo mzee hatamwuzia mwingine. Mtie sahihi au dole gumba, na mashahidi wenu nao. Mwandike mbili, moja yako.

Binamu yako anakupenda lakini mawazo yake ni ya hatari. Usithubutu kumwekea mzee pesa zote mkononi! Toa sehemu ndogo, upewe risiti, na karatasi iseme itarudishwa manispaa ikikataa kubadilisha jina. Zilizobaki zikae Posta mpaka siku ya kulipa mbele ya karani. Kumbuka kwamba nyumba ni ya mzee lakini ardhi ni ya manispaa, kwa hiyo kabla ya siku yenu nenda mwenyewe ukaulize kama ploti ina deni la kodi, na kama wanakubali ibadilishwe jina. Ukiona haya kuuliza, kumbuka mtoto anayekuamkia kama mgeni.

Mwulize mzee tena, kwa adabu, kama ana mke na kijana mkubwa huko kwao, na kama wanajua anauza. Wakiandika barua kwamba wamekubali, uifungie pamoja na ile karatasi. Wengi wamenunua kwa baba, kisha mtoto akateremka garini na maneno mengine.

Na jambo ambalo hukuniandikia hata kidogo: paa. Uligusa ukuta ukapona magonjwa yote, lakini hukuinua kichwa. Nenda siku ya mvua, uingie kila chumba, utazame juu. Bati likivuja, sema kabla ya kulipa. Zungumza na Wamuyu pia kama atabaki kupanga chumba cha nyuma au atatoka, mkiwa bado mnapendana. Halafu funga mdomo. Usiwatangazie wanawake watano mnaolala nao mpaka jina liandikwe. Na kazi ya mashuka usiiache.

Kuhusu watakaokusema: watasema. Walikusema ulipokuwa huna kitu, sasa angalau watakusema ukiwa umefunga mlango. Na hilo la Mungu kukuonyesha kwa njia ya Micah, tafadhali usimsingizie Mungu. Woga ule unaoshikwa nao usiku haukuambii uondoke. Mimi nadhani ni furaha ambayo haijapata mahali pa kukaa. Ipeleke ikakae.

Huenda mzee akakwambia amekwisha kupokea pesa za Micah. Ikiwa hivyo, mshukuru kwa chai, lia njiani, kisha anza kuuliza nyumba nyingine Jumatatu, na safari hiyo uandike siku ile ile. Lakini sidhani. Mtu aliyeulizia "yule mama wa mashuka" bado anakutaka.

Mkifika ofisini, karani atafungua daftari, atachovya kalamu, na bila kuinua uso atauliza, "Mwenye nyumba ni nani?" Najua utakachotaka kufanya. Utageuka utafute nyuma yako ni nani anayeulizwa. Usigeuke. Sema, "Ni mimi." Asiposikia, rudia kwa sauti, na usiondoke kwenye dirisha lake mpaka umemwona akiandika.

Wako, Mama Rahab