Ufunguo wa Meno Manne

Jumatatu, 4 Agosti

Lori limegoma! Si injini, injini inanguruma vizuri tu. Ni kompresa, haijazi upepo. Bila upepo breki haziachii. Magurudumu yameganda, lori zima limejikalia uani kama mgeni asiyejua kuaga.

Mwanangu wa kiume kaja na shati lake jeupe la ofisini. Kalizunguka mara moja — mara moja tu! — kasema basi Mama, hili sasa ni chuma. Kampigia simu mnunuzi wa vyuma chakavu. Jumamosi saa nne asubuhi anakuja na mitungi yake ya gesi, alikatekate hapa hapa maana halivutiki. Nikamwambia baba yako alikuwa na goti bovu miaka kumi na hakuna aliyemkata. Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Binti yangu, ndiye dereva wa lori, hakusema neno. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Huyu huongea hata usingizini! Mpaka jioni ndipo kaniambia, macho chini: kuna kampuni inataka madereva wa safari ndefu. Miezi miwili barabarani, wiki moja nyumbani. Lori likikatwa, Jumapili anaondoka.

Hakatwi mtu. Hapana. Mimi shule sikuingia hata siku moja. Herufi hizi kanifundisha huyo huyo binti alipokuwa darasa la tatu. Lakini miaka thelathini nilimshikia marehemu mume wangu taa na spana, chini ya lori hili hili. Kompresa naijua kwa vidole. Tuna siku nne.

Jumanne, 5 Agosti

Puli ya kompresa, lile gurudumu la mkanda, imetoka!

Nilikwenda gereji kuazima kile chuma cha kung'olea puli. Fundi kasema, Bibi, vifaa vya lori lile walizikwa navyo wenyewe. Haya. Nikaenda kwa Cheche, mchomeaji wa pale kona — tunamwita hivyo kwa sababu nguo zake zote zina matundu ya cheche. Nilibeba kipande cha springi ya lori iliyovunjika, na uzi wenye mafundo matatu. Cheche kauliza vipimo viko wapi. Nikamwambia unavitazama. Fundo la kwanza bolti hii, la pili katikati, la tatu bolti ile. Katoboa matundu matatu kwenye kipande kile cha springi, pale pale penye mafundo. Yamekaa sawasawa!

Nyumbani, binti kataka kuitoa nati yote ya puli kabla ya kuvuta. Weee! Nikampiga kibao mkononi. Nati unailegeza, unaiacha mdomoni mwa shafti, vinginevyo bolti ya kusukuma inaponda uzi wa shafti, ile mizunguko inayoshika nati, na puli inakurukia kifuani. Kakaza bolti ya katikati, kakaza, jasho linamtoka… TAK! Kama mlango wa jela. Tukapiga kelele mpaka jirani kachungulia ukutani.

Hedi, kifuniko cha juu cha kompresa, tumeifungua. Masizi matupu! Ndiyo maana haipumui. Valvu zenyewe, vile vilango vya upepo, zimefunikwa na kofia za chuma, mbili, zimezama ndani ya tundu, na kila kofia ina mikato minne ukingoni. Inataka ufunguo wa meno manne. Nani anao? Hakuna. Fundi wa gereji kaja kuchungulia, kaleta patasi na nyundo. Nikamwuliza, wewe ukiumwa jino mama yako hukupiga patasi? Kaenda zake.

Nimepata akili. Nikachukua mche wa sabuni, nikaupasha moto kidogo ukalainika, nikaukandamiza kwenye tundu lile. Ukatoka na meno manne, safi, kama ya mtoto! Kesho Cheche ataiga tu. Sabuni nimeiweka bafuni ikauke.

Jumatano, 6 Agosti

Sabuni imefuliwa nguo!

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, kaikuta bafuni. Kafulia mashati yote ya mume wake, na mapazia juu! Nimefika nimekuta kigololi. Nikasema mkwe wangu, hukuona ina meno? Kasema, Mama, niliona, nikajua ni mtindo mpya wa dukani.

Sikujua nilie au nicheke. Tumecheka, tumekaa sakafuni bafuni wawili tunacheka mpaka kapata kwikwi. Kisha kaniomba msamaha na macho yamejaa maji kweli kweli. Nikamwambia nyamaza, kosa ni la anayeweka ufunguo bafuni. Nampenda huyu mtoto wa watu. Hajui kuacha uchafu, basi.

Nimerudia kwa nta ya mshumaa. Safari hii nimeifunga kwenye kitambaa, ipo kwenye sanduku langu, na ufunguo wa sanduku uko shingoni.

Siku nzima imepotea. Mwanangu wa kiume kapiga simu toka ofisini kukumbusha Jumamosi. Nimemwambia nasikia vibaya. Nasikia vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo! Leo!

Cheche katazama nta, kaguna, kachukua kipande cha bomba la maji, kakata meno kwa tupa. Nilikaa juu ya kopo la rangi nikimhesabia: punguza hapa, usipunguze pale, umelala? Kasema, Bibi, mke wangu hanisimamii hivi. Nikasema ndiyo maana una matundu.

Tumejaribu — meno yamepinda kama ya udongo. Bomba laini. Nilitaka kumtupia. Lakini Cheche mwenyewe kashikwa na hasira ya kazi, ile nzuri. Kafunga kibanda! Kageuza wateja wawili! Kafukua kwenye rundo lake spana nene ya zamani iliyo kama bomba, chuma kweli kweli, kachonga upya meno manne, kayachoma mpaka yakawa mekundu, akayachovya kwenye oili chafu. Tsssss! Moshi umetutia machozi.

Saa tisa binti kauingiza ufunguo tunduni. Umekaa. Katia mti wa kuzungushia, kaning'inia na uzito wake wote. Hakuna. Nikasema tuning'inie wawili. Mimi na kiuno changu hiki! Ikalia kriiii… kofia ikageuka! Robo, nusu, ikafunguka kama chupa ya dawa! Ya pili nayo! Binti kanibeba juu, kanizungusha, nikamwambia niteremshe utanivunja, nami sikutaka aniteremshe.

Ijumaa, 8 Agosti

Valvu tumezisugua juu ya kioo kwa msasa laini, duara duara, mpaka zikang'aa. Ringi za pistoni, zile bangili za chuma, zilikuwa zimeganda kwa masizi, tukazilowesha dizeli, zikaachia. Kuzirudisha ndani ndiyo kazi. Ringi hujitanua, tundu ni dogo. Nikakata bati la kopo la maziwa, nikalizungushia pistoni, nikalibana kwa kibano cha mpira wa maji. Gonga polepole kwa mpini wa nyundo — pistoni ikazama, bati likabaki nje. Ya pili hivyo hivyo. Binti kauliza nani kanifundisha hilo. Hakuna. Ni kama kumvika mtoto sweta la mwaka jana.

Kompresa ipo mahali pake. Gasketi, karatasi ya kuzibia upepo, nimekata mwenyewe.

Nikamwuliza, kesho ikijaza, bado Jumapili unaondoka? Kakaza nati ambayo ilikwisha kukazwa. Kasema, Mama, ikijaza kwanza.

Begi lake lipo mlangoni. Limefungwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa tatu na nusu. Naandika nimeegemea bampa. Injini inaunguruma. Binti yuko ndani, mguu kwenye mafuta, ananisomea sindano ya upepo kwa sauti. Ikifika sita breki zinaachia.

Mbili! Jumatatu haikugusa hata moja!

Tatu. Mkwe kaja na mjukuu wangu mgongoni, kaziba masikio.

Sindano ipo nne. Mnunuzi wa chakavu kafika kabla ya saa yake, mshenzi. Kaegesha pikapu yake langoni, mitungi imejaa nyuma. Anatazama saa.

Mwanangu wa kiume kaja naye. Hakunisalimu, kasimama tu kichwa upande, anasikiliza. Marehemu alisimama hivyo hivyo.

Sindano nne na nusu. Imesimama. Haipandi.

Mwanangu kasema, Mama, kuna mahali panavuja, kule nyuma, husikii? Sikusikia, kweli safari hii. Kauliza spana ya kumi na tisa iko wapi. Kabla sijamjibu kavua viatu, kaingia chini ya lori na shati lake. Naona miguu tu, na soksi.

Nati imelia.

Tano! Tano na robo!

Mnunuzi anapiga honi, anasema jamani anzeni kuamua, ana kazi nyingine. Binti anapaza sauti, tano na nusu, tano na nusu, inatetemeka. Na kule chini mwanangu kapaza sauti kuliko injini, kamwambia yule mtu: "Bwana, sogeza hiyo pikapu, unatuzibia njia!"