Pale Gitaa Linapokatika

Gede, Jumamosi, Agosti 1986

Hapana, sijakosea. Katana aliimba vile vile.

Jioni alipita dukani kwangu, tukakumbushana zile albamu za kwanza za hevi metali, muziki wa magitaa makali, enzi tulipokuwa wahudumu hotelini Kikambala na wageni wakituachia kaseti zao. Akasema hakuna iliyopendwa kama ile yenye picha ya fuvu. Kweli, katika kila chumba cha wafanyakazi ilikuwa ikilia. Yangu niliipiga mpaka redio ikala mkanda, nikakata palipoharibika na kuunga kwa selotepu. Wiki ile ile ikapotea.

Basi leo Katana akaimba wimbo wa mwisho, akigonga meza kwa vidole.

"Hapa gitaa linakatika ghafla, ngoma zinaingia. Hapo ndipo panaponimaliza."

Gitaa halikatiki. Kwenye kaseti za wenzetu wote linaendelea kulia kwa muda mrefu. Linakatika kwenye yangu tu, pale nilipounga.

"Wewe uliusikia kwa nani?" nikamuuliza.

"Ah, ndugu yangu, nani hakuwa nayo?" Akamaliza chai yake.

Labda aliusikia chumbani kwangu. Lakini baada ya kuiunga niliipiga mara moja tu, nikiwa peke yangu. Na yeye ndiye aliyenisaidia kuitafuta, mpaka chini ya vitanda. Alinipa na pole.

Kesho wazee wake wanakuja kumposa dada yangu. Jana Baba aliniuliza kama namjua vizuri.

Nilimjibu namjua kama ndugu yangu wa tumbo moja.