Mkono wa Tatu Kwenye Vali

Tilt Harbour, Newfoundland
3 Februari

Mpwa wangu Bride,

Hujambo huko Montreal? Huku tunapumua, isipokuwa baba yako anayepumua nusu, kama kawaida yake. Mama yako goti linamsumbua, ila kwenye bingo hufika wa kwanza.

Mchezo wako wa kompyuta nimeucheza, na nimechefuka. Umechora kiwanda chetu cha samaki baada ya kufungwa, mtu anazunguka peke yake na muziki wa kanisani, anatengeneza mashine moja moja. Haya. Lakini mbona ni safi kama hospitali? Utumbo wa chewa uko wapi? Na ule ute wa sakafuni, na funza wa kwenye mifereji? Harufu ile ilifanya nipewe benchi zima peke yangu kanisani. Shakwe wako nao wana adabu. Wa kwetu mmoja alininyang'anya sandwichi, akarudi kudai haradali.

Eti mtu wako anatafuta gesi inayovuja kwa tochi. Kinyaa kitupu. Amonia, ile gesi ya majokofu, hutafutwa kwa kijiti cha salfa. Unakiwasha, unakipitisha kwenye mabomba, moshi ukigeuka mweupe, hapo ndipo. Ndivyo nilivyofanya siku ile gesi ilipovuja kiwandani. Dakika kumi na moja sijavuta pumzi, kijiti mkononi, huku nazungusha vali ya kuifunga gesi. Watu sitini wakapona. Daktari alisema mapafu yangu ni ya nyangumi.

Rekebisha.

Mjomba wako,
Leander


Montreal, 9 Februari

Mjomba Leander,

Salamu nyingi. Mimi mzima, macho tu ndiyo mekundu.

Uchafu nimeuongeza. Mwenzangu Noémie alipowaona funza aliiacha supu yake. Kijiti cha salfa nimekiweka pia, na hapo ndipo nilipokwama. Chumba cha mwisho ni chako: mchezaji anafunga vali, sauti yako niliyoirekodi Krismasi inasimulia, jina lako liko ukutani. Sasa nachora mikono. Vali ile ni gurudumu, baba alinichorea mwenyewe, na haizunguki bila mikono miwili. Kijiti kinataka mmoja.

Mjomba, mkono wa tatu ulikuwa wa nani?

Mchezo unatoka tarehe 5 Aprili. Ukishatoka, watu maelfu watauamini hivyo hivyo.

Mpwa wako,
Bride


Montreal, 10 Machi

Mjomba,

Hujambo? Mwezi mzima kimya. Mama anasema siku hizi unaipita nyumba yetu kama ina ndui. Nimekutumia toleo jipya. Mcheze pamoja na baba.

Bado nasubiri ule mkono.

Bride


Tilt Harbour, 21 Machi

Mpwa wangu,

Sijambo, wala sistahili.

Tumecheza. Kidude cha kuchezea alikishika baba yako, shemeji Ambrose, mimi nikimwelekeza kwa kelele. Akafika ukutani, akasoma: LEANDER ALIIFUNGA VALI HII. Akakohoa kile kikohozi chake, akasema, "Wamelipatia jina lako, herufi zote zimo." Bride, nimezoa matumbo ya samaki miaka kumi na tisa, sijapata kuona kitu cha kuchefua kama mimi kwenye kochi lile.

Tuliingia wawili. Kijiti nilikishika mimi. Moshi ulipogeuka mweupe nikakitupa, nikakimbia, nikatapikia theluji na buti zangu. Baba yako alibaki, akaifunga vali kwa kupapasa, macho kafumba. Meneja alipouliza nani kafunga, Ambrose koo lilikuwa limeungua, hatoi neno. Nikasema mimi. Sauti ilipomrudia, nilikuwa nimeshaisimulia kwenye harusi mbili.

Futa jina langu. Andika lake.

Mjomba wako, kama bado unamtaka,
Leander


Montreal, 24 Machi

Mjomba,

Barua yako niliitupa kwenye pipa, halafu nikaenda kuitoa.

Katika hadithi yako aliyekimbia ni baba. Shuleni waliniita binti wa miguu mepesi. Nilimwonea baba yangu aibu, mjomba, hadi nikahama mji. Sasa nikisikia sauti yako kwenye kompyuta nataka kutapika.

Jina nimelibadilisha. Lakini sauti siwekei ya mtu mwingine. Utarekodi upya wewe, baba akiwa amekaa mbele yako.

Bride


Tilt Harbour, 1 Aprili

Bride,

Natumaini u mzima. Huku afya zipo, maongezi ndiyo hakuna.

Nimerekodi jikoni kwenu, kwa simu ya mama yako. Sikutia chumvi hata punje. Kuisimulia hadithi ile kumekuwa kukinichukua jioni nzima kwa miaka ishirini na mbili. Nilipomaliza nikatazama simu: sekunde arobaini. Dada yangu akaweka sufuria chini, akatoka nje, na mpaka leo hajanisemesha.

Baba yako ndiye aliyesema. "Umesahau kitu, Leander. Ulinishikia mlango wazi, nikapata njia ya kutokea."

Nikamwambia, "Ambrose, sikushika mlango wowote."

"Najua," akasema. "Basi itume ilivyo."

Mjomba wako,
Leander